Kitabu kilichotoka kwenye kiroba cha sembe

Juni ya Mafinga inauma masikio. Asubuhi unakuta umande umeganda mweupe kwenye majani, na jikoni kwa shule kuni mbichi za mlingoti haziwaki bila karatasi. Mwaka 2009 nilikuwa nafundisha Kiingereza katika sekondari moja huku, na mwezi huo stoo ilisafishwa. Ikaamuliwa vitabu vya zamani viende jikoni, kwa kuwa havimo kwenye mtaala na mchwa walishaingia. Sikuuliza kitu. Nilidhani ni madaftari ya wanafunzi waliomaliza, na mpaka leo naumia kwamba sikwenda kuangalia.

Wiki iliyofuata mama wa jikoni akanisimamisha nikipita na kikombe changu cha chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hebu njoo uone. Mimi Kizungu sijui, lakini hivi mkono wangu umekataa."

Nyuma ya pipa la maji alikuwa na kiroba cha sembe, na ndani yake vitabu vitatu. Kimoja cha hesabu, kimoja cha nyimbo za kanisa, na cha tatu kina jalada la kitambaa cha bluu, pembe zimeliwa na mchwa, kimegongwa muhuri wa maktaba wa mwaka 1957. Insha teule za Samuel Johnson, mwandishi Mwingereza wa karne ya 18.

Nilimjua Johnson kwa jina tu, yule wa kamusi. Usiku ule niliwasha taa ya chemli, umeme ukiwa umekatika, nikaanza kumsoma nikiwa nimejifunika blanketi. Kiingereza chake ni kizito, sentensi moja inapanda mlima na kushuka kabla hujaona nukta. Lakini nilipozoea sikuweza kuacha. Insha namba 134, inayohusu kuahirisha mambo, nimeisoma mara nyingi kuliko insha yoyote ya Kiingereza.

Nilivutiwa na jinsi zilivyoandikwa. Kuanzia Machi 1750, kila Jumanne na Jumamosi, Johnson alitoa karatasi ya insha iliyoitwa The Rambler, ikiuzwa London kwa peni mbili. Miaka miwili, namba 208, na karibu zote aliziandika yeye mwenyewe, huku kamusi yake, iliyokuja kuchapishwa mwaka 1755, ikimsubiri mezani. Mwalimu anayesahihisha insha za mikondo minne ataelewa uchovu huo. Namba ya mwisho ilitoka tarehe 14 Machi 1752. Siku tatu baadaye mkewe, aliyemwita Tetty, akafariki.

Muda mfupi baada ya msiba huo akaletwa nyumbani kwake mtoto mweusi wa miaka kama kumi. Huyu ndiye ninayetaka wengi wamjue. Aliitwa Francis Barber, mzaliwa wa Jamaika, na alizaliwa utumwani. Johnson, ambaye aliuchukia utumwa na kusema hivyo hadharani, alimsomesha, na ukiondoa vipindi vya shule na kile kijana alipoondoka akaenda hadi jeshi la majini, walikuwa pamoja hadi Johnson alipofariki. Katika wosia alimwachia pauni 70 kila mwaka na sehemu kubwa ya mali yake. Barber akahamia Lichfield, mji aliozaliwa Johnson, na baadaye akafungua shule ndogo kijijini jirani na hapo.

Sasa rudi nyuma kidogo, Desemba 1784. Johnson ni mgonjwa, zimebaki siku chache tu kabla ya tarehe 13 aliyokata roho. Anaagiza karatasi zake zichomwe. Vitabu viwili vikubwa alimoandika maisha yake vikateketea. Barber hakuvumilia kuona kila kitu kinaisha. Akaokoa motoni kurasa chache ambazo Johnson alisimulia utoto wake. Barber alikufa mwaka 1801, mjane wake akaziuza, na mwaka 1805 zikachapishwa. Yaani habari za utoto wa Johnson kwa maneno yake mwenyewe tunazo kwa sababu ya mtu aliyezaliwa mtumwa.

Leo barua na vitabu vyake vingi viko salama. Mary Hyde na mumewe Donald walivikusanya kwa miongo mingi, na Mary alipofariki mwaka 2003 mkusanyiko wao wa Johnson ukaenda maktaba ya Houghton, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Nafurahi kwamba vina nyumba. Ila kila ninapoona jina la mkusanyaji, namkumbuka na aliyeingiza mkono motoni.

Miaka kadhaa baadaye nilizipata zile kurasa za utoto kwenye simu. Nikaenda kwa mama wa jikoni, ameshastaafu, yuko kwake anapukuchua mahindi. Nikakaa kwenye kigoda, nikamfasiria kipande kimoja. Johnson akiwa mdogo alipelekwa London na mama yake kwa ajili ya matibabu. Huko mama akamnunulia kikombe kidogo cha fedha na kijiko, vikaandikwa SAM. J. Hakutaka ziandikwe S. J., kwa sababu yeye mama aliitwa Sarah Johnson, herufi ni hizohizo, na akifa wangeweza kumnyang'anya mtoto wakidhani ni mali ya marehemu.

Mama akaacha kupukuchua. Sufuria zake zote zina alama ya rangi nyekundu ya kucha kwenye mkono, ili zikiazimwa msibani zirudi.

"Alijua," akasema. "Alijua ndugu watakuja kugawana."

Nikamwambia kikombe kiliuzwa baadaye, Johnson na mkewe walipoishiwa. Kijiko alikuwa bado nacho alipoandika kurasa zile, amesema hivyo mwenyewe.

"Kijiko kilibaki," akarudia polepole, kisha akaomba nimsomee tena pale pa mama na zile herufi, na safari hii kwa Kizungu chenyewe, asikie kinavyolia.