Nilivyolinganisha sauti na picha za kwanjula bila kununua RAM

Kila niliyemweleza kwamba sauti ya video yangu haiendani na picha alinijibu kwa neno moja: RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Fundi wa duka la kompyuta hapa Jinja, Uganda, alikuwa tayari kuifungua laptopu yangu papo hapo kwa laki na kitu, na kijana mmoja jirani, anayesifiwa mtaani kwa kujua mitambo, akaongeza kwamba kadi ya michoro nayo imezeeka. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuiona video yenyewe, na hilo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu yeyote ambaye angeitazama mwanzo wake na mwisho wake angetambua kwamba kompyuta haikuwa na hatia.

Video hiyo ni ya kwanjula, yaani sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa familia ya bibi harusi, ya binti wa kaka yangu, iliyofanyika Masaka kuanzia mchana hadi usiku, nami niliirekodi kwa simu iliyosimamishwa kwenye stendi. Nilipokwisha kuihariri, sehemu ya kwanza ilikuwa safi: wasemaji wa pande mbili walitaniana, na kila neno lilitoka pamoja na mdomo wake. Kadiri sherehe ilivyoendelea, sauti ilizidi kuchelewa. Wageni walionekana wakicheka kabla mzaha haujasikika, na ilipofika zamu ya dada yangu, ambaye ndiye shangazi wa bibi harusi, alionekana amekwisha kufunga mdomo na kurudi kwenye mkeka huku sauti yake ikiendelea kumtambulisha mchumba. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, ambako VJ, yaani msimulizi wa filamu, huitafsiri filamu kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji, hatukuzoea kudai kwamba mdomo na neno viende pamoja; lakini dada yangu si mwigizaji, na alikwisha kuwaahidi ndugu kwamba atawatumia nakala.

Ushauri wa yule kijana, baada ya mimi kukataa kununua chochote, ulikuwa kwamba niikate sauti vipande vipande na kukisukuma kila kipande mpaka kikutane na picha yake. Niliufuata kwa bidii ya mtu aliyelipwa. Jioni baada ya jioni niliketi nimevaa spika za masikioni, nikitafuta mahali ambapo watu wamenyamaza ili nipitishe mkasi hapo, na yeyote aliyewahi kuhudhuria kwanjula anajua kwamba hakuna mahali ambapo watu wamenyamaza. Nikikata kwenye kicheko, kicheko kilikatika kama kuku aliyeshikwa shingo. Nikikata kwenye vigelegele, vilianza upya. Maafa yenyewe yalikuwa kwenye ngoma. Kila baada ya mkato mdundo uliruka, wachezaji wakabaki wakitikisa viuno kwa mdundo uliokwisha kupita, na baba yangu mdogo, aliyepita nyuma yangu akiwa na kikombe cha chai, alisimama kidogo kisha akauliza kwa upole, “Mwanangu, huyu mpiga ngoma walimpa pombe saa ngapi?”

Jibu lilianza kupatikana nilipoiacha video niliyoihariri na kufungua faili lenyewe lililotoka kwenye simu kwa kutumia VLC, programu ya kutazama video. Lilikwenda vizuri mwanzo hadi mwisho. Kama tatizo lingekuwa RAM, faili hilo nalo lingeyumba kwenye mashine ile ile. Kwa hiyo kosa lilizaliwa katika kuhariri, na programu ndogo ya bure iitwayo MediaInfo ikanieleza sababu: kasi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, ilikuwa ya kubadilika kwenye video ya simu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde panapokuwa na mwanga wa kutosha, lakini giza linapoingia hupunguza idadi hiyo ili kila fremu ipate mwanga zaidi. Programu yangu ya kuhariri ilizihesabu fremu zote kana kwamba zina muda sawa, hivyo picha zikakimbia na kuiacha sauti nyuma. Nilirudi kutazama saa, na kweli, pengo lilianza kukua jua lilipozama na hema kubaki na balbu chache tu.

Dawa yake ni HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, nayo ni ya bure. Kwenye ukurasa wa video niliweka fremu 30 na kuchagua “Constant Framerate”, yaani kasi ya fremu isiyobadilika, nikaianzisha baada ya chakula cha usiku, na alfajiri nikakuta imemaliza bila umeme kukatika, jambo ambalo kwetu ni la kushukuriwa. Faili hilo jipya ndilo nililolihariri upya, na pengo halikuonekana tena.

Hapo ningeweza kuacha, lakini nilikuwa nimepata pia sauti safi kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ya vijana wa vipaza sauti, na nilitaka kuitumia badala ya ile ya simu. Sauti hiyo ilitofautiana na picha kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho. Niliujua ukweli huo kwa sababu msemaji wetu ana tabia ya kugonga kipaza sauti kwa kidole kabla ya kusema, “tup, tup”, na alifanya hivyo alipofungua sherehe na tena jenereta ilipowashwa usiku: niliona kidole kikigusa, nikapima sauti inafika lini, na vipimo viwili vikalingana. Pengo la namna hiyo halihitaji mkasi. Katika MKVToolNix, programu ya kuunganisha picha na sauti katika faili moja, unaandika idadi ya milisekunde tu, ukitanguliza alama ya kutoa iwapo sauti inachelewa, na kazi huisha upesi kwa kuwa haichakatwi upya. Usihangaike kutafuta usahihi wa fremu moja, kwani mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa watangazaji unaonyesha kwamba mtazamaji huanza kuhisi sauti iliyotangulia kwa milisekunde 45 hivi, ilhali iliyochelewa hupita bila kuonekana hadi karibu 125.

Nilipeleka nakala Masaka kwa majivuno yote, na dada akaiunganisha laptopu na spika yake mpya ya Bluetooth. Sauti ikachelewa! Spika za aina hiyo hukawia kidogo kuipokea sauti, na ungeweza kurekebisha kwa kubonyeza herufi J katika VLC, ambayo kila mbonyezo huiwahisha sauti kwa milisekunde 50, lakini macho ya dada hayakunipa nafasi ya kueleza. Nilichomeka waya wa elfu chache niliokuwa nao mfukoni, tukatazama mpaka zawadi zote zikaingia. Waya huo niliuacha pale pale, nikiwa nimeufunga kwa utepe wa gundi kwenye spika, kwa sababu namjua dada yangu.