Siku moja maishani mwangu: fundi gesi Kampala, na mpira wa gesi usio na mwenyewe

Saa 11 alfajiri

Simu yangu hutangulia adhana. Leo ni ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja mwenye nyumba aliye London, ambako kwa hesabu yangu ni saa 9 usiku, kwa hiyo mama huyu ama hajalala ama anajiandaa kwenda zamu. "Fundi, usiache kitu leo. Kila jiko, kila bomba, halafu uniandikie kwenye karatasi."

Ana fleti nane Kisaasi, hapa hapa Kampala, na kule London ana nyumba ndogo anayopangisha. Kule amezoeshwa. Kila miezi 12 lazima aje fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha yao ya mafundi gesi, mpangaji apewe nakala ya ukaguzi ndani ya siku 28, na karatasi zitunzwe miaka 2. Ni kanuni za mwaka 1998, hazina hiari. Zamani orodha ya mafundi iliitwa CORGI, Gas Safe ikashika nafasi yake tarehe 1 Aprili 2009. Haya yote amenisimulia yeye, tena zaidi ya mara moja. Mimi huku sijawahi kuona mwenye nyumba akidaiwa karatasi ya gesi. Fundi umeme anaulizwa kibali cha Electricity Regulatory Authority. Fundi gesi anaulizwa bei.

Wiki iliyopita aliniandikia nikutane na askari wake "saa 8". Nikafika saa 8 mchana nimechana nywele. Kumbe alimaanisha saa 2 asubuhi. Uingereza imempindua saa, na mimi nikalipa nauli ya bodaboda mara mbili.

Saa 1 asubuhi

Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, pale kwa kijana wa chapati, chai ya maziwa, kisha napanga begi: spana, chupa ya kupulizia povu la sabuni, tochi, klipu, tepe ya njano ya gesi, na manometa yangu ya kupimia shinikizo la gesi, ambayo ni mrija wa plastiki uliopinda kama herufi U, ndani una maji. Wateja wakiuona huo mrija hukata tamaa. Wanatarajia kifaa chenye taa.

Msaidizi wangu amechelewa. Anasema foleni. Anaishi mtaa wa pili.

Saa 2 asubuhi, Kisaasi

Nianze na kubisha hodi, maana kuna watu wanadhani kazi yangu inaanzia kwenye mtungi. Mimi nimekulia kambi ya polisi Naguru, Kiswahili ndicho kinachonitoka kwanza, na Kampala ukimgongea mtu mlango asubuhi kwa Kiswahili cha kambini, anatafuta kitambulisho kabla hajatafuta funguo. Wazee wengine bado wanakumbuka Kiswahili cha wanajeshi wa vizuizini. Kwa hiyo msaidizi ndiye anayetangulia na Kiganda chake laini, "Ssebo, nnyabo, tuko hapa kwa ajili ya gesi", halafu mimi nafuata na begi.

Mitungi iko nyuma ya jengo kwenye kizimba cha vyuma, minne mikubwa ya kilo 45, na bomba la shaba linapanda ukutani kuingia kila jikoni. Nawaomba wapangaji wafunge majiko yote. Naunga manometa, natia shinikizo kwenye bomba, nafunga mtungi, tunasubiri. Maji ya upande mmoja yanapanda juu ya mwenzake kama sentimita 30, na kama bomba ni zima yanabaki hapo hapo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: watu wawili wanachungulia mrija wa maji kwa dakika tano bila kusema kitu.

Yameshuka. Si sana, ila yameshuka.

Hapo ndipo unapoanza ngazi. Kila fleti ina koki yake ukutani. Nafunga koki ya kwanza, tunapima, bado yanashuka. Ya pili, bado. Msaidizi anapanda na kushuka, anahema, leo foleni amelipia. Tulipofunga namba 6, maji yakatulia.

Namba 6 kuna kijana mpole, anafanya kazi benki, ametukaribisha akiwa na mswaki mdomoni. Jiko la gesi ni lake, alihama nalo kutoka Ntinda. Friji halikuenea, akalisogeza jiko upande wa pili, na mpira wa gesi unaotoka kwenye koki haukufika. Basi akanunua kipande kingine, akaviunganisha kwa kijibomba cha chuma, akakaza kwa waya wa kufungia uzio. Kisha mpira wote ukapita nyuma ya oveni, mahali pa moto kabisa. Nikaukunja kidogo kidoleni: nyufa tupu, kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Mwaka uliochapwa juu yake ulikuwa 2013. Nikapuliza povu kwenye kiungo, likavimba taratibu, puu, puu, kama mtoto anayecheza na mate.

Watu wanaogopa mtungi. Mtungi ni chuma kinene, una vali, una watu wa kuupima kiwandani. Mimi naogopa mpira. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, nikiitwa mahali panaponuka gesi, naanzia kwenye mpira na ile pete ndogo ya regyuleta, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza shinikizo, na mara nyingi sihitaji kwenda mbali zaidi.

Nimefunga koki, nimeung'oa mpira, nimebandika karatasi: USIWASHE. Kijana ametoa mswaki mdomoni. "Sasa fundi, jioni nipike na nini? Na huo mpira ni wangu au wa mama?"

Swali zuri kuliko anavyodhani. Uingereza, kwa maelezo ya mama, jiko la mpangaji mwenyewe halimo kwenye ukaguzi wa lazima wa mwenye nyumba, ila bomba linalolifikia limo. Huku kwetu ni hivyo hivyo kwa mazoea: ukuta na bomba ni vya mwenye nyumba, jiko ni la mpangaji. Katikati ya koki na jiko kuna mita moja na nusu ya mpira ambayo kila mmoja anamwachia mwenzake.

Fleti zilizobaki zilikuwa nzima, ila tatu kati yake matundu ya hewa ya jikoni, yale ya chini karibu na sakafu, yamezibwa kwa matambara. Mbu, wanasema. Mmoja akasema panya. Sigombani na mtu anayeogopa malaria. Nimewaambia waweke wavu, watoe tambara. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipai kama moshi, inashuka na kutambaa chini kama maji, na lile tundu la chini ndilo mlango wake wa kutokea.

Saa 5 asubuhi, bado Kisaasi

Kwa sababu hiyo hiyo nilirudi kizimbani, kuna kitu kilinikera tangu asubuhi. Hatua moja kutoka mitungi pana mfereji wa maji ya mvua wenye chuma cha matundu juu. Nikaufuata mfereji kwa macho: unateremka, unazunguka ukuta, unapita chini ya dirisha la kibanda cha askari. Na ndani ya kibanda, sigiri, jiko la mkaa. Majivu bado ya moto.

Askari ni mzee wa Arua, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. "Mwanangu, usiku hapa baridi. Nawasha, nafunga mlango, nalala kidogo." Nikamuuliza kama huamka na kichwa kinauma. Akanitazama kama nimemsoma kiganja. "Kila siku. Nilidhani ni uzee."

Huu ndio mchezo wa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hiyo mtu analala akiwa anavuta hewa na bado anakosa hewa.

Sasa sikiliza. Mama wa London alikuwa ametuma kengele nane za kaboni monoksaidi kwenye sanduku la mpwa wake, moja kwa kila jikoni, maana England tangu tarehe 1 Oktoba 2022 mwenye nyumba anatakiwa kuiweka kwenye kila chumba chenye kitu kilichofungwa humo kinachochoma kuni, mafuta au gesi. Lakini sheria hiyo yenyewe imeliacha nje jiko la kupikia la gesi. Tena kengele ya kaboni monoksaidi haijui gesi ya mtungi ikivuja. Utakaa jikoni umezungukwa na gesi na yenyewe imenyamaza kimya. Hiyo inataka kengele nyingine, na inafungwa chini, si darini. Kwenye kiwanja kile chote aliyehitaji kengele ya mama alikuwa mtu mmoja, na hakuwa mpangaji.

Nikaifunga kibandani. Nikamwomba mzee alale na sigiri nje. Akasema atajaribu. Nimeandika kwenye ripoti: kizimba kihamishwe mbali na mfereji, na askari anunuliwe koti zito. Sijui Gas Safe wana kisanduku cha kujaza koti.

Saa 7 mchana

Posho, yaani ugali, na maharage, kibandani, dakika kumi na tano.

Saa 8 mchana, Katwe

Katwe ni kwenye mizigo. Wageni wa Tanzania na Kenya wakisikia mtu wa Kampala anasema "naishi kwenye muzigo" hucheka, lakini ndivyo chumba kimoja cha kupanga kinavyoitwa hapa, na ukishakaa humo na watoto watatu unaona jina limekaa sawa.

Vyumba kumi mstari mmoja, mwenyewe ni hajati mmoja mwenye ulimi mwepesi. Aliniita baada ya pazia la mpangaji kuungua mwezi uliopita. Anatembea nyuma yangu chumba hadi chumba akilalamika: sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 imemfunga asipandishe kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, basi madirisha makubwa atayatoa wapi? "Mtungi wao, nyumba yangu. Wakiniunguzia nyumba, mtungi unakuwa wa nani?"

Huku hakuna mpira hata kidogo. Ni mitungi midogo ya kilo 6 yenye kichomeo kilichokazwa juu yake. Kwa hiyo shida ni nyingine: moto uko usawa wa kiuno cha mtoto, kitanda hatua moja, pazia linapeperuka. Chumba cha sita yupo mama wa Bukavu, akanipokea, "Karibu papa, ingia tu." Analia gesi yake inaisha haraka, anamshuku muuzaji. Huenda ni kweli, muuzaji sikumjua. Ila nilifungua kichomeo nikakuta ile pete ya mpira chini yake imekatika vipande viwili. Kila akiwasha anapika na nusu, nusu nyingine inatambaa chini ya kitanda. Pete mpya ni pesa ya maandazi. Nilikuwa nayo mfukoni, nikamwekea, tukapuliza povu, likatulia.

"Aksanti, papa. Kumbe ni hiki tu?"

Ni hicho tu. Hajati akaniomba nikague pete za vyumba vyote kumi kwa bei ya kimoja. Tukakubaliana vitatu. Mapazia ameahidi kuyaondoa yeye, na kwa ulimi ule nawaonea huruma wapangaji.

Saa 10 jioni

Mvua. Niko chini ya kibaraza, simu inalia: mwanafunzi wa hosteli upande wa Kansanga. "Fundi, chumba kinanuka, tumetafuta panya aliyekufa siku mbili hatumwoni."

Hilo la panya nalisikia kila mara. Gesi yenyewe haina harufu. Ile ya kitu kilichooza inatiwa makusudi ili mtu ashtuke, na watu wanashtuka, kisha wanasogeza kabati kutafuta panya. Nikamwambia: usiguse swichi, ya kuwasha wala ya kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, tokeni nje wote, simu unipigie kutoka uani. Akauliza kama anaweza kutumia tochi ya simu kuona vali. Nikasema hapana, kwa sauti ambayo bodaboda wote wa kibarazani waligeuka.

Nilifika nimelowa. Regyuleta ilikuwa ya mtungi wa kampuni nyingine, ya ukubwa mwingine, imelazimishwa ikae kwa kufungiwa utepe wa plastiki. Aliuziwa hivyo hivyo, na aliyemuuzia alimwambia "itazoea".

Saa 3 usiku

Naandika ripoti ya Kisaasi kwenye meza ya chakula, msaidizi amenitumia picha zote zikiwa zimepinda. Mama anapiga, kwake bado saa 1 jioni. Anataka karatasi. Namwambia fleti saba zimepita, namba 6 nimeifunga.

"Vizuri. Hata huku wangeifunga." Akanyamaza kidogo. "Ila jiko ni lake, fundi. Mpira anunue yeye."

Nikampigia kijana wa namba 6. Ameagiza chipsi na kuku. "Koki ni ya mama," akasema, "na mpira umetoka kwenye koki."

Kesho saa 2, ya kwetu si ya London, narudi Kisaasi na mita moja na nusu ya mpira mpya na klipu mbili. Nimeuandika kwenye ankara bila jina la mlipaji. Friji itabidi lihame.