Mstari wa maji kwenye ukuta wa Kigogo

Nimeandika "NYUMBA HII HAIUZWI" kwenye kuta za Dar mara nyingi mno. Ndiyo kazi yangu: vibao vya saluni, bei za chipsi, majina nyuma ya bajaji. Kwa hiyo mwaka jana wanafunzi sita wa sanaa kutoka chuo kikuu kimoja hapa jijini walipokuja kijiweni kwangu Kigogo kuniomba tuchore pamoja ukuta wa njia ya kushukia mtoni, nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Ukuta ule naujua. Ni hatua 32, na ardhi inashuka nao kuelekea Msimbazi.

Walikuja na mchoro kwenye simu. Ulikuwa mzuri kweli: mto wa buluu, samaki, watoto wanarusha tiara, na juu kabisa jua kubwa jekundu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alishatoa ruhusa. Jumamosi asubuhi tukapiga msasa, tukafungua ndoo ya kwanza. Ilikuwa nyekundu, maana tulitaka kuanza na jua.

Hazikupita dakika kumi, watu wakajaa. Hawakuja kushangilia. Mama mmoja alifika anahema, mtoto mgongoni, akawapita wale vijana akaniuliza mimi: "Fundi, wanaandika zipi?"

Vijana hawakulielewa swali. Wawili wamekulia Mbeya, mmoja Bukoba. Nikawavuta pembeni nikawaeleza. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, wakati wa bomoabomoa ya bonde la Msimbazi, nyumba zilikuwa zinawekewa alama ya X kwa rangi nyekundu. Mtu anatoka kwenye mihangaiko yake, anaikuta X ukutani kwake. Kwetu huku, mgeni mwenye brashi na rangi nyekundu hatufikirii kwamba amekuja kupamba. Mimi mwenyeji ndiye niliyepaswa kuliona hilo mapema. Yule mama alipanda mlima mbio na mtoto mgongoni kwa sababu ya ndoo niliyoifungua kwa mkono wangu, na jambo hilo bado linaniuma.

Tukaifunga ndoo. Siku hiyo hatukuchora kitu. Tulikaa kwenye mabenchi ya mama lishe hadi jua likazama, simu ya mchoro ikipita mkono kwa mkono. Bibi anayekaa nyumba iliyopakana na ukuta aliishika muda mrefu kuliko wote.

"Huu mto wenu ni wa wapi, wanangu?"

"Ni huu hapa, bibi. Msimbazi."

"Msimbazi hauna buluu hii. Unatoka huko Pugu, ukifika hapa una rangi ya chai ya maziwa, na ukijaa unakuja na magodoro ya watu."

Kisha yakaanza maneno ya Desemba 2011. Hakuna aliyekuwepo bondeni mwaka ule asiyeikumbuka mvua ile. Watu walikufa jijini, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa kuanza upya Mabwepande. Lakini maji yalifika wapi? Hapo watu wakabishana. Huyu anasema gotini, yule anasema kifuani, mwingine anaapa kwamba yalimfunika mtu mzima.

Aliyeumaliza ubishi ni fundi mwashi jirani yangu. Jumapili alikuja na leveli ya mpira, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji. Nyuma ya kabati la bibi kuna doa la tope la mwaka ule, hakuwahi kulipaka rangi. Kijana mmoja akashika ncha moja kwenye doa, sisi tukatoka na nyingine mpaka ukutani. Maji yakapanda, yakashuka, yakacheza kidogo, yakatulia. Nikagonga alama ya chaki. Tukasogea hatua tatu, tukasubiri yatulie tena, nikagonga nyingine. Halafu tukachukua kamba iliyopakwa unga wa chaki, mmoja kashika huku na mwingine kule, nikaivuta katikati nikaiachia. Mstari mweupe ukalala ukutani.

Upande wa juu wa njia ulinifika gotini. Upande wa chini ulinipita kichwa. Watu walisimama wanautazama bila kusema neno. Kumbe wote walikuwa wamesema kweli, kila mmoja pale alipokuwa anaishi.

Mchoro wa kwenye simu ukaishia hapo, na nawashukuru wale vijana kwamba hawakuung'ang'ania. Tulikubaliana chini ya mstari tuchore vitu vilivyochukuliwa na maji, kila mtu ataje chake. Wakataja sufuria, madaftari ya darasa la saba, mlango mzima, mbuzi, redio, cherehani. Juu ya mstari tuchore walivyoanza navyo tena. Vijana walichora kwa miraba, yaani wanagawa picha na ukuta kwa vyumba vidogo kisha wanahamisha chumba kwa chumba; mimi nachora kwa jicho, na nakiri kwamba miraba yao ilimtendea haki yule mbuzi.

Kwenye rangi walinisikiliza mimi. Nimekulia kwenye rangi ya mafuta, ambayo Edward Saidi Tingatinga aliitumia alipoanza kuchora kwenye bodi hapa Dar mwaka 1968. Kwenye bodi na bati haina mpinzani. Lakini ukuta wa bondeni unanyonya unyevu kutoka ardhini, na unyevu ukikosa pa kutokea, rangi ya mafuta inaota malengelenge na kubanduka. Tukatumia rangi ya maji, ukuta upumue. Nyekundu hatukuitumia popote, hata kwenye jua. Jua letu ni la rangi ya embe bivu.

Tulimaliza baada ya wikendi nne. Wiki iliyofuata, mama mwenye cherehani alinikuta kijiweni.

"Fundi, cherehani yangu mmeigeuza. Gurudumu la mkono linakaa kulia. Mmeliweka kushoto."

Nikaenda naye tukaangalia. Ni kweli. Vijana walikuwa wameshaanza mitihani, sikutaka kuwasumbua. Jumapili nikashuka na brashi ya nusu inchi, nikafuta gurudumu la kushoto na kuchora la kulia. Yeye alikuwa amekaa juu ya ndoo nyuma yangu, ananielekeza sindano ilipokuwa.