Kumbukumbu ya mradi wangu: reli ya zamani na njia ya mto, wiki ya 1 mpaka ya 9

Wadau, leo nimemaliza wiki ya 9 ya mazoezi na zimebaki 7, acha niyaweke yote hapa kabla sijaanza kusahau nilichojifunza wapi. Lengo halijabadilika: Katy Trail kule Missouri, Marekani, kilomita 386 hivi kutoka Clinton mpaka Machens, siku 5, mzigo wangu mwenyewe juu ya baiskeli. Nimeichagua kwa sababu reli ya zamani na mto vimekaa kwenye njia moja. Treni za MKT, ile kampuni ambayo watu walikuwa wanaiita Katy kwa kifupi, ziliacha kupita pale 1986, vyuma na mataruma vikang'olewa, tuta likamwagiwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, na kipande cha kwanza kikafunguliwa 1990. Halafu sehemu kubwa inafuata ukingo wa mto Missouri, na huo mto ulipofurika 1993 uliharibu vipande vingi ikabidi vitengenezwe tena. Kwa hiyo mazoezi yangu yote yako kwenye njia za namna hizo mbili, na mpaka sasa naona ni kama michezo miwili tofauti.

Wiki ya 1 na 2, reli tupu

Nilianza na kilomita 42 kwenye tuta la reli ya zamani. Tambarare, imenyooka, kona pana ambazo hata breki hugusi. Hii ina sababu yake: gurudumu la chuma juu ya chuma halina mshiko mkubwa, treni nzito haiwezi kupanda mlima mkali, ndo maana wajenzi walikata vilima katikati na kujaza mabonde udongo, na mwinuko mara nyingi hauzidi asilimia 2 au 3. Nikaona hapa ni raha tu, nitateleza.

Nikarudi hoi kuliko nilivyowahi kurudi kutoka milimani. Yaani kwenye milima unanyonga, unafika juu, unateremka umesimama kwenye pedeli, makalio yanapata hewa, mikono inalegea, moyo unashuka. Kwenye reli hakuna kuteremka! Ukiacha kunyonga baiskeli inasimama baada ya muda mfupi, kwa hiyo ni saa mbili na nusu umekaa vilevile, miguu inazunguka vilevile, uzito umekandamiza palepale kwenye siti. Kibaya zaidi ni upepo, maana juu ya tuta hakuna cha kukukinga, na njia ikinyooka kilomita 9 basi ukikutana nao usoni ni kilomita 9 zote.

Wiki ya 3, ganzi ya vidole

Kidole cha mwisho na cha pete vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi baada ya kilomita 30 hivi. Hili nililichukulia kwa uzito kwa sababu ni mshipa wa fahamu unaobanwa pale chini ya kiganja, ukiupuuza siku 5 mfululizo unaweza kukaa wiki kadhaa hujarudi sawa. Nimeinua usukani sentimita 2, nimezungushia utepe mnene zaidi, na nimeweka kengele kwenye simu kila dakika 10: ikilia nasimama kwenye pedeli nahesabu mizunguko 20, nikikaa nabadilisha pa kushika. Wiki ya tatu hiyo hiyo ganzi ikapungua sana, sasa hivi haipo kabisa. Kengele sijaizima, naiacha iendelee kulia, naipenda, inanigawia safari.

Wiki ya 4, upepo wa matairi

Hapa ndo pamebadilisha kila kitu, nawaambia ukweli. Nilikuwa na matairi ya milimita 35 nayajaza psi 60 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), nikiamini tairi gumu linakimbia. Kwenye lami sawa. Kwenye changarawe tairi gumu linaruka juu ya kila kokoto, kila mruko ni nguvu yako imepotea kwenda juu badala ya kwenda mbele, na mwili ndo unaupokea huo mtikisiko. Nimehamia milimita 45, bila tyubu, nimemimina ile dawa ya maji ya kuziba pancha, nikaanza kushusha upepo kidogo kidogo kwenye kipande kilekile cha kilomita 5. Psi 50 bado inaruka. 40 afadhali. Kwa uzito wangu wa kilo 78 nimetulia kwenye 28 mbele na 32 nyuma, nikashuka chini ya hapo nyuma nikasikia rimu imegonga jiwe, basi nikarudi. Ukibeba mzigo ongeza kidogo nyuma. Nimeshangaa kwamba mwendo haukupungua hata kidogo, ila mikono na mgongo kama vya mtu mwingine.

Wiki ya 5 na 6, mto

Nikahamia ukingoni mwa mto na mambo yakageuka. Mto wenyewe ni tambarare ila njia iliyo kando yake sio, inapanda ghafla mita 6 kukwepa mahali ukingo ulipobomoka, inashuka tena, kuna mizizi inakata njia, kuna mchanga kwenye kona za ndani. Kwenye reli nilikuwa natumia gia 3 tu, huku nazibadilisha kila dakika. Mwili wala hauchoki kwa kukaa, unachoka kwa kuwaza.

Jambo la kuheshimu kuliko yote ni ule udongo laini ambao mto unauacha ukishafurika. Ukikauka unapasuka vipande na unapitika vizuri tu, ukilowa ni sabuni. Wiki ya 6 nilianguka hapo, goti limechubuka, nilikata kona kwenye udongo uliokuwa unang'aa nikadhani ni unyevu kidogo. Sasa sheria yangu ni kwamba udongo ukiwa unang'aa napita moja kwa moja, usukani umetulia, breki ya mbele siigusi, na kama maji yanatembea juu ya njia nageuza, hata kama yanaonekana ya kifundo cha mguu, maana huwezi kuona kama njia bado iko chini yake au imeshakwenda na maji.

Mizizi nayo ivuke gurudumu likiwa limeikabili moja kwa moja. Ukiipitia kwa upande imelowa, gurudumu linafuata mzizi badala ya kukufuata wewe. Mbao za madaraja ya zamani ni hivo hivo.

Wiki ya 7, cheni

Mvua na vumbi la chokaa ni kitu kibaya sana kwa cheni. Likilowa linakuwa kama uji, linapanda mpaka kwenye gia, likikauka linaganda kama lipu. Nilikuwa natumia mafuta mazito, yakawa yanalishika lile vumbi na cheni ikalia njia nzima ya kurudi. Nimeisafisha mpaka chuma kikaonekana nikaipaka ya nta, hii vumbi halinati sana japo lazima uirudie ikishanyeshewa. Nabeba chupa ndogo na kitambaa. Pia kokoto zilizolowa ni nzito, zinakuvuta chini, siku ile wastani wangu ulishuka kutoka kilomita 19 kwa saa mpaka 15, kwa hiyo kwenye ratiba ya safari kila siku nimeongeza saa moja na nusu ya akiba.

Wiki ya 8 na 9

Nimepita handaki kwa mara ya kwanza. Unaingia kutoka kwenye jua kali, macho hayaoni kitu kwa sekunde kadhaa, baridi inakushika, na maji yanadondoka. Vua miwani ya jua na washa taa KABLA ya kuingia, usisubiri ukiwa ndani. Katy yenyewe ina handaki moja tu, pale Rocheport, la 1893, halifiki hata mita 80. Ila baadaye naitaka Great Allegheny Passage, njia nyingine ya reli ya zamani huko huko Marekani, na huko kuna handaki la Big Savage, karibu kilomita 1, ambalo majira ya baridi linafungwa kabisa.

Jumapili nikaunganisha, kilomita 88, reli kwenda na mto kurudi, nikiwa na kilo 9 za mzigo. Reli niliipeleka kwa mapigo ya moyo yaleyale mwanzo mpaka mwisho, upepo ukija sishindani nao nashusha gia, mto nikaupeleka kwa macho. Nilifika nikiwa na nguvu za kuosha baiskeli jioni hiyo hiyo, wiki ya 1 nisingeweza.

Wiki ya 10 ni kilomita 80 Jumamosi na 80 Jumapili na mzigo uleule, nataka kujua makalio yatasemaje siku ya pili asubuhi. Siti sijaibadilisha bado, naipa nafasi hiyo ya mwisho.