Dada ni kaka, mama ni mjomba

Mvua ya Uyole, hapa Mbeya, ikianza kupiga mabati saa tisa alasiri, siwazi blanketi. Nawaza viazi. Nabandika sufuria, nachemsha vya kutosha watu watatu, na mama akisikia haradali inapasuka kwenye mafuta anauliza kutoka sebuleni, "Leo tena ile mikate yako ya Pune?"

Ndiyo mama, leo tena.

Nilikaa Pune miaka mitatu kuanzia Julai 2016, nikisoma biashara. Watu wakijua nilisoma India huniuliza kuhusu pilipili na ng'ombe wa barabarani. Pilipili ipo, ng'ombe wapo, na mtu huvizoea vyote viwili kabla mwezi haujaisha. Ambacho sikukizoea mpaka narudi, na mpaka leo kinanichekesha nikiwa peke yangu, ni jinsi maneno ya kwetu yalivyojaa kule, tena yamekaa sipo. Ni kama umeingia nyumbani kwenu usiku, taa hakuna, na mtu amehamisha viti.

Wiki ya kwanza nimesimama kituo cha riksha. Msichana wa rika langu akamsogelea dereva mmoja mwenye masharubu mazito, akamwita kwa heshima zote: "Dada!" Nikageuka kumtafuta huyo dada. Dereva akaitika, wakapatana safari, wakaondoka. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba kwa Kimarathi, lugha ya Pune, dada ni kaka mkubwa. Haya, na kaka? Kaka ni baba mdogo. Na mama? Mama ni mjomba. Mama mzazi wao humwita aai. Katika ukoo mzima aliyebaki mahali pake ni baba peke yake.

Jioni moja watoto wa jirani walikuwa wanapiga kelele uani, "Mama! Mama!" Nikachungulia dirishani, nikaona linaingia jibaba refu lenye kanzu fupi nyeupe, limebeba kreti la maembe kichwani, watoto wanaliparamia. Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sijampigia mama yangu tangu Jumapili, nikaichukua simu.

Bajaji nayo ina kisa chake. Nilitoka Mbeya nikiamini hilo ndilo jina la chombo duniani kote, kama vile baiskeli ni baiskeli. Kumbe Bajaj ni jina la kampuni, na makao yake makuu yako Akurdi, Pune hukohuko, kwa hiyo nilikuwa nimefika chimbuko lake. Lakini Pune ukisema bajaji hakuna anayekuelewa mara moja, wao wanaiita riksha. Riksha ina mita, unapanda peke yako, unalipa inachosoma. Mimi nilizikumbuka bajaji za Mwanjelwa, watatu nyuma tumebanana na mfuko wa mchicha magotini, na kabla hujashuka umeshajua nani ana msiba na nani anaoa.

Sokoni ndiko nilikojisikia nyumbani kabisa. Soko kuu la Pune wanaliita Mandai, jengo la mawe la karne ya 19 lenye mnara katikati, na wauzaji wamekaa juu ya majukwaa wamezungukwa na mboga zao mpaka shingoni. Nilienda mara ya kwanza nimejiandaa kunyoosha vidole tu. Nikamwonyesha mama mmoja tunda, akanijibu, "Papai." Nikadhani ananitania. Nikashika pera. "Peru," akasema. Nanasi? "Ananas." Majani ya kotimiri? "Kothimbir." Embe je? "Amba." Nikaanza kucheka, naye akacheka, akawaita wenzake waje kumwona mgeni anayeifahamu Mandai bila kufundishwa.

Nilipokuja kuuliza sababu niliipata kwa mhadhiri mmoja aliyependa historia kuliko somo lake. Matunda hayo, papai, pera na nanasi, asili yake ni Marekani ya Kati na Kusini, na waliosaidia kuyasambaza baharini ni Wareno. Waliishika Goa tangu 1510 mpaka 1961, na upande wetu walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Pwani mbili zililetewa matunda na wageni walewale, zikayapokea na majina yake. Hata kiazi! Marathi wanakiita batata, na ndugu zetu wa Zanzibar wanasema mbatata. Sisi wa Mbeya, tunaovivuna kwa magunia, ndio tuliobaki na jina letu la kiazi.

Neno lililonipa kazi ni "kiti". Kwa Kimarathi kiti ni kuuliza: ngapi? Kwa hiyo unashika papai mkononi, unamtazama muuzaji machoni, unasema "Kiti?" kwa uso mkavu kabisa. Miaka mitatu nimesema kiti kila siku na kila siku nilikiona kiti, cha mbao, chenye miguu minne.

Nilipanga chumba Kothrud, kwa mama mmoja mjane ambaye kila mtu wa mtaa alimwita kaku. Kaku ni mke wa baba mdogo, kwetu ningemwita mama mdogo, na ndivyo alivyokuwa. Hakunisalimia kwa habari za asubuhi hata siku moja. Salamu yake ilikuwa "Jevlis ka?" yaani umekula? Ukijibu ndiyo anauliza umekula nini. Ukijibu hapana, usiende mbali, anakuja na sahani.

Desemba ya kwanza usiku ulipopoa mpaka nyuzi 10 hivi, mtaa mzima ulivaa sweta na kofia za kufunika masikio. Mimi natembea na blauzi. Kaku akanishika mkono kuona kama naumwa. Nikamweleza kwamba natoka mahali ambapo Juni tunaota moto wa mkaa, na kwamba ukipanda zaidi, kule Makete na Kitulo, kuna asubuhi nyasi huamka nyeupe kwa baridi. Hakuamini. Alikuwa anajua Afrika ni jua. Nikampa simu aongee na mama yangu, ambaye alikuwa amejifunika vitenge viwili, ingawa hawakuwa na lugha ya pamoja. Walisemezana dakika tano. Sijui walielewana nini, ila kila mmoja alikata simu akiwa ameridhika.

Sasa viazi. Chakula cha barabarani cha upande ule ni vada pav. Kiazi kinachemshwa na kupondwa, kinachanganywa na manjano, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi, kotimiri, na haradali iliyopasuliwa kwenye mafuta pamoja na yale majani madogo ya harufu waitayo kadhipatta. Unafinyanga donge, unalichovya kwenye uji mzito wa unga wa dengu, unakaanga. Mpaka hapo msomaji wa Dar au Tanga atasema: hiyo si kachori? Ni ndugu yake wa damu. Lakini wenzetu wanaiingiza ndani ya mkate laini wa mraba, pav, neno ambalo nalo ni la Kireno, na ndani ya mkate wananyunyiza chatini kavu ya saumu, nazi na pilipili nyekundu. Pembeni pilipili mbichi nzima iliyokaangwa na kutiwa chumvi. Wanasimulia kwamba mtu aliyeianzisha ni Ashok Vaidya, mwaka 1966, nje ya kituo cha treni cha Dadar, Mumbai, kwa ajili ya wafanyakazi wenye njaa na haraka.

Naamini kabisa ni chakula kizuri kuliko chipsi mayai. Najua nimeandika hivyo nikiwa Mbeya, na sifuti.

Utamu wake unataka mvua. Mvua za Pune huanza Juni na kumalizika Septemba, na siku ya kwanza watu hutoka nje kuipokea. Pikipiki zinasimama chini ya madaraja. Wasichana wanaojifunga mitandio usoni kukwepa vumbi, macho tu ndiyo yanaonekana, siku hiyo wanaivua. Na kila kibanda kinakaanga: vada, na bajia za vitunguu, ambazo nazo wanaziita bhaji. Chai ndiyo inakamilisha. Inachemshwa pamoja na maziwa, sukari, tangawizi iliyopondwa na iliki, inachujwa kwa kitambaa, inamiminwa kwenye glasi ndogo ambayo unaimaliza kwa mafunda matano umesimama. Sisi tunalima chai Rungwe na Mufindi, milima ya kijani ukipita unatamani gari lisimame, halafu tunakunywa ya rangi, kikombe kikubwa, mara moja asubuhi. Hili linaniuma kidogo.

Muuza chai wa kona yetu aliniita Tanzania. Tarehe 8 Novemba 2016, saa mbili usiku, Waziri Mkuu Modi alitangaza kwenye televisheni kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zitakoma kuwa fedha halali usiku uleule. Mimi hela yangu ya mwezi yote ilikuwa noti za 500. Kesho yake benki zilifungwa, na zilipofunguliwa tarehe 10 foleni zilizunguka mtaa. Nilipita pale kibandani nikiwa nimeamua nisimame tu bila kunywa, na yeye akanimiminia. Nikamwonyesha noti. Akaisukuma pembeni, akatoa daftari la mistari, akaandika kwa herufi zake za Kimarathi, nikamwomba anisomee. "Tanzania, chai moja." Akaendelea kuandika hivyo karibu wiki tatu, chai na vada. Nilipolipa aliukata ukurasa wote kwa mstari mmoja. Kabla sijaondoka nchini nilimwomba ule ukurasa akanipa, uko ndani ya kabati langu pamoja na vyeti.

Likizo ya mwaka wa pili nilirudi Pune na kilo mbili za mchele wa Kyela, zawadi kwa kaku. Alifungua mfuko, akainamisha uso, akavuta pumzi, akafumba macho. Akasema, "Ambemohar." Ndio mchele wao wa fahari, maana ya jina lake ni maua ya mwembe, kwa ajili ya harufu. Akaupika siku hiyohiyo. Juu yake alimwaga varan, mchuzi mlaini wa mbaazi zilizokobolewa, kijiko cha samli na tone la limau. Mbaazi hizo nazo zilikuwa na habari nyuma yake. Ilikuwa 2017, mwaka ambao India iliwekea mipaka mbaazi zinazotoka nje, na wakulima wa kwetu, hasa Kusini, bei ikawaangukia vibaya. Nilikuwa nimekaa sakafuni nakula mbaazi na mchele wa Kyela katika sahani moja, kaku anasubiri niseme kama ni tamu, na ilikuwa tamu sana.

Safari ya treni kati ya Mumbai na Pune ilinipeleka Iringa kila mara. Ukitoka Mumbai treni inafika Karjat, chini ya mlima, inasimama ili iongezewe injini za kuisukuma kupanda Bhor Ghat. Katika dakika hizo chache abiria wote wanainuka, mikono madirishani, vada za moto zinaingia, hela zinatoka. Ukifika juu, Lonavala, wanauza chikki, na chikki ni kashata za karanga, sina la kuongeza. Mimi nikitazama yale mabonde naiona Kitonga, malori yanapanda kwa kuhema, na kabla yake Ruaha Mbuyuni na mafungu ya vitunguu, na baada yake Ilula, nyanya zimepangwa kwenye ndoo kando ya barabara.

Sasa hapa nyumbani. Viazi sina tatizo navyo, tena vya Uporoto vikichemka vinapasuka vyenyewe kwa unga, bora kuliko nilivyokuwa napata Kothrud. Unga wa dengu na haradali napata duka la viungo mjini. Majani ya kadhipatta sikuyapata kwa muda mrefu mpaka jirani mmoja akanikatia tawi bustanini kwake. Pav ndiyo iliyonisumbua. Nimejaribu mkate wa boflo, unafumuka. Nimejaribu andazi, sukari inaharibu. Jibu likawa skonzi, zile za kushikana, nazipasua kati na kuzipasha juu ya kikaango chenye mafuta kidogo.

Mama alipoonja mara ya kwanza alitafuna taratibu, akanywa maji, akasema, "Ni bajia imevaa koti." Kisha akachukua ya pili, na pilipili nzima juu yake. Mwanafunzi wa jirani anayekuja kufundishwa hesabu Jumamosi sasa anafika saa nzima kabla ya muda.

Kaku hajui kuandika ujumbe kwa Kiingereza na mimi Kimarathi changu ni cha sokoni, kwa hiyo tunatumiana sauti. Juni huku kwetu ni kukavu, vumbi na baridi, na kwake mvua ndiyo inaanza. Siku ya kwanza ananitumia sekunde 30 za mvua inavyopiga kibaraza chake, halafu sauti yake mwishoni: "Paus!" Mvua. Desemba kwake ni kukavu, nami huwa naishika simu karibu na dari, mabati yakinguruma, namtumia yake. Jumamosi hii nimemtumia dakika nzima. Amejibu kabla mafuta hayajapoa kwenye kikaango.

"Jevlis ka?"