Nilivyosubiri Ushuru wa Marumaru Usitishwe

Mwaka 2022 nilikuwa nimekwisha kupiga lipu nyumba yangu ya Nala, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na fedha ya marumaru ninayo, shemeji yangu aliponizuia nisinunue. "Shemeji, tulia hadi Julai," alisema kama mtu aliyetoka Bungeni asubuhi hiyo, "ushuru wa vifaa vya ujenzi unasitishwa mwaka mzima."

Nilimwamini, kwa kuwa kila Juni bajeti inaposomwa hapa kwetu husikika bidhaa zilizopewa unafuu wa mwaka mmoja. Tusichokijua sote wawili ni kwamba unafuu huo mara nyingi huwaendea wenye viwanda kwa ajili ya malighafi, na kwamba nchi inaporuhusiwa kuacha kwa muda kiwango cha pamoja ambacho nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza bidhaa za nje, yaweza kutoza zaidi ya kiwango hicho kama iwezavyo kutoza pungufu.

Basi nikahamia humo humo, nikakanyaga zege tupu miezi minne. Julai 1 ilipofika, kilichoanza kutumika ni kiwango kipya cha pamoja cha asilimia 35 badala ya 25, na marumaru za nje, chuma na rangi zimo. Nilipiga hesabu kwa kalamu: mzigo wa shilingi 100,000 bandarini, ukiongeza ushuru na VAT ya asilimia 18, ulikuwa unafika 147,500, sasa ni 159,300, achilia mbali tozo nyingine na nauli ya lori kutoka Dar es Salaam. Hata marumaru za viwanda vyetu vya Mkuranga na Chalinze, ambazo ushuru huo hauzihusu, wenye maduka walizipandisha bila haya.

Hapo ndipo akili ilinijia, na sitaficha kwamba najivunia. Mzigo ulioingia kabla ya Julai ulilipiwa ushuru wa zamani, na Dodoma mzigo wa zamani haujifichi: vumbi letu jekundu huuandika. Nilizunguka maduka ya Majengo nikipitisha kidole juu ya maboksi, wauzaji wakinitazama kama mkaguzi wa afya, hadi kwenye duka moja kidole kikatoka chekundu hadi kwenye kiungo.

"Baba, hizo ni za siku nyingi, zimetulalia," mwenye duka alisema.

"Ndizo ninazozitaka, mama."

Alinipa kwa bei ya Machi, au karibu yake. Nilisoma namba ya toleo kwenye kila boksi, maana matoleo mawili ya marumaru moja hutofautiana rangi na hata vipimo, na fundi hakwambii mpaka amekwisha kuzibandika. Yalipatikana maboksi 41 ya namba moja, nami nilihitaji 46. Stoo ikavaa marumaru za Chalinze.

Shemeji alipokuja aliisifu sakafu, kisha akanishauri rangi niisubirie bajeti ijayo. Ndoo za rangi zilikuwa tayari chini ya kitanda alichokikalia.