Saini ya Josh Gibson, mpira wa China

Jamani acheni nijicheke mwenyewe. Juzi hapa Kansas City nimepita gulioni kwenye vitu vya zamani, nakuta mpira wa besiboli umechakaa vizuri kabisa una saini ya Josh Gibson, yule mpigaji hatari wa ligi za weusi enzi wazungu wamewafungia mlango. Dola 40. Nikaona hii bahati ya mtende, nikalipa bila hata kuomba punguzo, nafika nyumbani nageuza karibu na mshono naona viherufi, imetengenezwa China. Na Gibson kafariki Januari 1947, miezi michache tu kabla Jackie Robinson, mweusi aliyeufungua ule mlango wa ligi kuu, hajaingia timu ya Dodgers!

Basi Jumamosi kwa hasira nikaenda pale makumbusho ya ligi zenyewe, kona ya barabara za 18th na Vine, angalau nione vitu orijino. Uwanja wenye masanamu ya wachezaji kina Satchel Paige unauona mapema ila waya wa banda la kuku umekuzuia, huingii mpaka uzunguke stori yote kuanzia Rube Foster alivyoanzisha ligi 1920, tena mtaa huohuo. Mi nilikwama kwenye glavu, ngozi imekauka kama ng'onda, ndogo mpaka unajiuliza walidakaje. Vitu vyao vingi vimepotea, nani alikuwa anatunza tiketi ya mechi ya weusi? Ndo matapeli wanapopatia ulaji.

MLB wenyewe, yaani ligi kuu ya besiboli Marekani, wameingiza takwimu za ligi za weusi 2024 tu, Gibson akampita mkongwe wao Ty Cobb kwa wastani wa kupiga mpira.

Mpira wangu kachukua mbwa.